Wimbo wa Tano: Namna ya Kuihukumu Albamu ya Rap kwa Haki

Jumamosi moja jioni, kwenye kibanda cha kinyozi karibu na kituo cha daladala cha Mombasa, Ukonga, Dar es Salaam, albamu mpya ya rap iliwekwa kwenye spika. Tulikuwa watu sita: mmoja kichwa kikiwa chini ya mashine, wawili wakisubiri zamu, na sisi wengine tumekaa kwenye benchi kwa sababu hapo ndipo maskani. Wimbo wa kwanza ulipoisha, kijana mmoja akasema, "Huyu ndiye baba lao." Wimbo wa tatu ulipofika katikati, mwenzake akamjibu, "Kaka, huyu kaisha, hana jipya." Ubishi ukawaka, sauti zikapanda, na kinyozi, ili apate utulivu wa kumaliza kichwa cha mteja, akabadilisha muziki. Albamu ilikuwa na nyimbo 15. Wimbo wa tano haukusikika kabisa, lakini hukumu mbili zilikuwa zimeshatoka, na wiki ile nzima nilizisikia zikirudiwa mtaani kana kwamba waliozitoa walisikiliza mzigo wote.

Tukio hilo ni dogo, lakini swali lake ni kubwa. Maoni ya kweli ya msikilizaji kuhusu albamu ya rap ni kitu gani? Yanapimwa kwa mizani ipi? Na kwa nini yamekuwa adimu katika nchi ambayo imekuwa ikichana kwa Kiswahili kwa zaidi ya miaka 30? Jibu langu nalitoa mapema: rap yetu haina upungufu wa vipaji. Ina upungufu wa wasikilizaji wanaofika mwisho wa albamu na kutoa sababu za wanachokisema. Bila watu hao, rapa anaimba mbele ya kioo kilichofunikwa kitambaa.

Kaseti ilitufundisha kusikiliza

Rap ya Kiswahili ilikulia ndani ya kaseti. Mwaka 1991 Saleh Jabir alichukua midundo ya Wamarekani iliyokuwa ikivuma, akaiwekea maneno ya Kiswahili, na vijana wa Dar es Salaam wakagundua kwamba lugha yao inaweza kubeba mtindo huo. Mwaka 1993 likaundwa kundi la Kwanza Unit. Kisha akaja Mr II, ambaye wengi leo wanamwita Sugu, akiwa na "Ni Mimi" ya mwaka 1995, "Ndani ya Bongo" ya mwaka 1996 na "Niite Mr II" ya mwaka 1998. Hard Blasters wakatoa "Funga Kazi" mwaka 2000. Mwaka uliofuata Professor Jay, aliyetoka katika kundi hilo, akatoa "Machozi, Jasho na Damu", na Juma Nature wa Temeke akatoa "Nini Chanzo". Mwaka 2004 tukapata "a.k.a. Mimi" ya Albert Mangwea na "Darubini Kali" ya Afande Sele.

Orodha hiyo ni ya albamu, na jambo hilo lina uzito. Watu wa wakati ule walinunua kaseti nzima, na kaseti ilikuwa na tabia yake. Ilikuwa na upande A na upande B. Kuruka wimbo kulikuwa na gharama, kwa sababu kupeleka mkanda mbele kulikula betri za redio na mara nyingine kuliufanya mkanda uliwe na mashine, ukaanza kuuzungusha kwa kalamu ya Bic. Kwa hiyo tulisikiliza hata nyimbo tusizozipenda. Wimbo ulioupuuza Januari ulikuwa na nafasi ya kukushika Juni, siku umekutana na jambo linalofanana na maneno yake. Hukumu ya albamu ilikomaa taratibu, kwa sababu chombo chenyewe kilikulazimisha uwe na subira.

Tusiipambe kaseti kupita kiasi. Wasanii wengi waliuza kazi zao kwa wasambazaji wa Kariakoo kwa malipo ya mara moja, na baada ya hapo kaseti zilizonakiliwa kinyemela zikajaa sokoni. Sheria ya hakimiliki ilipitishwa mwaka 1999, lakini msanii kuiona faida yake mfukoni ilikuwa shughuli nyingine. Redio binafsi zilizoanza kuenea miaka ya 1990 zikampa msanii njia tofauti: wimbo mmoja ukipigwa sana, anaitwa kwenye maonyesho, na huko ndiko kwenye kipato. Mtu akishaishi kwa wimbo mmoja, atajisumbuaje kutengeneza 12?

Kaseti ikafa, sidii ikanakiliwa hadi ikakosa thamani, kisha ikaja memori kadi. Hapa Ukonga, kama kwingine jijini, alikuwepo kijana mwenye kompyuta kwenye kibanda, kazi yake kuingiza nyimbo kwenye simu. Unampa kadi yako, anakujazia folda la nyimbo mchanganyiko. Wimbo wa Professor Jay unakaa kati ya wimbo wa taarabu na wimbo wa Kinaijeria. Hakukuwa na jalada, mpangilio wala jina la prodyuza. Albamu ilikatwakatwa kama nyama ya buchani, kila mtu akaondoka na kipande alichokitaka.

Katika kipindi hicho, walioendelea kuiheshimu albamu ya rap walikuwa hasa watu wa andagraundi. Nikki Mbishi alitoa "Sauti ya Jogoo" mwaka 2011, na kundi la Tamaduni Muzik alilokuwemo likashikilia kwamba rapa anapimwa kwa mzigo mzima wa mashairi. Mwaka 2018 albamu zikarudi kwenye mazungumzo ya watu wengi, pale Vanessa Mdee alipotoa "Money Mondays" na Diamond Platnumz akatoa "A Boy from Tandale". Majukwaa ya mtandaoni yalikuwa yamefika, na marapa nao wakarudi kutengeneza albamu.

Lakini majukwaa haya yamekuja na tabia zake pia. Kwenye Spotify wimbo huhesabiwa kuwa umesikilizwa ukishapita sekunde 30. Ukilijua hilo, utaelewa kwa nini siku hizi nyimbo nyingi zinaanza na kiitikio na kwa nini utangulizi mrefu umepotea. Utaelewa pia kwa nini albamu zinanenepa: kila wimbo wa ziada ni nafasi ya ziada ya kuhesabiwa. Kaseti ilikuwa na mwisho wake, mkanda ukiisha umeisha. Mtandaoni hakuna anayekwambia acha. Msikilizaji mkweli lazima ajue mambo haya kabla hajaanza kulaumu au kusifu, kwa sababu kasoro nyingine ni za soko na nyingine ni za msanii mwenyewe.

Mizani ya kwanza: maneno

Waswahili hatukuanza jana kuhukumu mashairi. Muyaka wa Mombasa, karne ya 19 ilipokuwa changa, alijibizana kwa beti na washairi wa Lamu, na wasikilizaji wa pande zote mbili walijua nani kajibu na nani kakwepa. Euphrase Kezilahabi alipotoa "Kichomi" mwaka 1974, mashairi yasiyofuata vina na mizani, wasomi na malenga walibishana kwa miaka. Walibishana kwa hoja: shairi ni nini, kina kina kazi gani, mizani ikiondoka kinabaki nini. Rap ni tawi la mti huohuo, na inastahili ubishi wa namna hiyo.

Tuanze na vina. Kiswahili kinafunga karibu kila neno kwa irabu, na vitenzi vyake vingi vinaishia na "a". Rapa akipanga "nimefika", "umelala", "wanacheka", hajatunga kina. Lugha ndiyo iliyomtungia. Kina chenye jasho kinashika silabi mbili au tatu, kinaingia hata katikati ya mstari, na juu ya yote kinaleta maana. Chukua jina la mtaa huu. Rapa mvivu atalilaza pamoja na "kuchonga" na "kusonga" kwa kuwa tu yanaishia sawa. Mwenye jicho ataona kwamba ndani ya Ukonga mna "konga", kitenzi cha kuburudisha: maji hukonga roho, habari njema hukonga moyo. Akisema ametokea Ukonga na hakuna kilichomkonga roho, amefanya kazi mbili kwa pigo moja. Kina kimekaa, na kiu ya mtaa uliozoea ndoo na visima imesemwa bila kupiga kelele.

Baada ya vina, sikiliza mkazo. Kiswahili kinaweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na rapa mzuri huifanya ngoma iangukie hapohapo. Asiyejua hulivuta neno kwa nguvu ili litoshe kwenye mdundo, na maana inaharibika. Mfano mzuri ni "barabara". Ukikaza silabi ya pili kutoka mwisho, ni njia ya magari. Ukikaza ile iliyo kabla yake, ni sawasawa, bila kasoro. Herufi ni zilezile, maana ni mbili. Nimesikia marapa wakitaja barabara ya kwao huku mdundo ukiwalazimisha waseme kitu kingine, na hawakujua. Mtu akikwambia rapa fulani "ana mtiririko", mwulize: maneno yanabaki na sura yake yakipita kwenye ngoma, au yanavunjwa mifupa?

Na baada ya vina na mkazo kuna swali gumu zaidi: mstari huu unasema nini? Kuna marapa ambao albamu nzima wanatangaza kwamba wao ni wakali, mistari yao ni risasi na wapinzani wao ni watoto. Majigambo ni sehemu halali ya rap, kama yalivyokuwa sehemu ya ngoma za mashindano za babu zetu. Lakini nyimbo 15 za kujigamba ni sawa na mgeni anayekuja kwako kujitambulisha mara 15 bila kusema kilichomleta.

Mizani ya pili: mdundo na mpangilio

Katika historia ya rap yetu, maprodyuza hawatajwi inavyostahili. P Funk Majani pale Bongo Records na Master J pale MJ Records walitoa umbo la sauti ambalo mtu wa rika langu akilisikia sekunde tano anajua ni miaka gani. Albamu ya Mangwea haitenganishwi na mikono ya Majani. Kwa hiyo maoni kuhusu albamu yanayomtaja mchanaji peke yake ni maoni nusu.

Mdundo unapimwa kwa kusikilizwa mahali zaidi ya pamoja. Spika ya kinyozi hupandisha besi na kumeza maneno. Eafoni za bei nafuu hufanya kinyume chake: maneno yanasikika, ngoma inakuwa kama kopo. Ikiwa wimbo unasimama katika sehemu zote mbili, aliyechanganya sauti amefanya kazi yake. Ikiwa sauti ya rapa inazama kila besi inapopiga, basi hata mstari mzuri umezikwa hai.

Mpangilio ndio unaofanya nyimbo ziwe albamu. Kwa nini wimbo huu unafungua? Kwa nini ule unafunga? Baada ya wimbo mzito wa msiba, msikilizaji amepewa nafasi ya kupumua, au ametupiwa wimbo wa klabu usoni? Wageni walioalikwa wamekuja kuongeza kitu, au wameletwa ili mashabiki wao wabonyeze? Jina la albamu ni ahadi. Professor Jay alipoita kazi yake "Machozi, Jasho na Damu", alijipa deni, na msikilizaji alikuwa na haki ya kulidai katika kila wimbo.

Mizani ya tatu: ukweli

Hii ndiyo mizani inayoleta ugomvi mkubwa zaidi. Marapa karibu wote wanasema wanawakilisha mtaa. Mtaa upi? Mangwea katika "Ghetto Langu" alituingiza chumbani, tukaona maisha ya kijana anayepanga chumba yalivyo, na kwa sababu kilikuwa chumba kimoja mahsusi, kila mwenye geto alijiona humo. Albamu zinazosema "mtaa" kwa jumla, zenye shida, polisi, njaa na ndoto, zingeweza kuandikwa na mtu ambaye hajawahi kushuka kwenye daladala.

Fikiria albamu ambayo ingetoka hapa. Ingekuwa na ndege zinazoshuka juu ya mabati kuelekea Uwanja wa Julius Nyerere, zikimkatiza mwalimu maneno. Ingekuwa na Gereza la Ukonga, na watoto wanaokua wakiliona jengo lile kila asubuhi na kuuliza waliomo wamefanya nini. Ingekuwa na usiku wa Februari 16, 2011, pale mabomu yalipolipuka katika ghala la jeshi Gongo la Mboto, watu wakakimbia gizani wakiwa na watoto mgongoni bila kujua waelekee wapi, na baadhi hawakurudi. Hayo ni mambo yetu. Rapa wa kwetu akiyaruka akaimba magari asiyoyamiliki, msikilizaji ana haki ya kumwuliza: ulikuwa wapi?

Ukweli una upande mwingine pia, nao ni maneno kulinganishwa na maisha. "Ndio Mzee" ya Professor Jay ilimchora mwanasiasa anayeahidi kila kitu mbele ya umati unaoitikia. Mwaka 2015 mwimbaji wake akawa mbunge wa Mikumi. Sugu alikuwa ameshaingia bungeni mwaka 2010 kwa jimbo la Mbeya Mjini. Na hapa kwetu, mwaka 2020, rapa Wakazi aligombea ubunge wa Ukonga kwa tiketi ya ACT-Wazalendo. Marapa hawa walikubali mistari yao ipimwe kwa vitendo, na hilo peke yake ni jambo la heshima, hata kwa asiyewapigia kura.

Lakini mizani ya ukweli inahitaji huruma. Mwezi Machi 2017, rapa Ney wa Mitego alikamatwa baada ya kutoa "Wapo", na Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA, likaufungia wimbo huo, kabla ya waziri mwenye dhamana kutangaza kwamba Rais wa wakati huo ameupenda na upigwe. Mwezi uliofuata, rapa Roma na wenzake walichukuliwa studio jijini Dar es Salaam na watu wasiojulikana, wakaonekana tena siku chache baadaye. Baada ya matukio kama hayo, msikilizaji anayelaumu albamu kwa kukaa kimya kuhusu mambo ya nchi ajiulize kwanza yeye mwenyewe amesema nini, na wapi. Ukimya wa hofu na ukimya wa uvivu vinaweza kufanana masikioni, lakini si kitu kimoja. Wa kwanza utausikia umeacha alama: fumbo, neno lililokatwa, hadithi ya wanyama. Wa pili hauna alama yoyote.

Albamu mbili za mwaka mmoja

Mizani isiyopimiwa kitu ni pambo la ukutani. Nichukue albamu mbili za mwaka 2020 nilizorudia kuzisikiliza kwa ajili ya uchambuzi huu: "The Verteller" ya Dizasta Vina na "Slave Becomes a King" ya Darassa.

Dizasta ni msimuliaji, na jina la albamu linasema hivyohivyo kwa Kiholanzi. Nguvu yake ni visa vyenye wahusika. Anaingia katika nafsi ya mtu, mara nyingi mtu mwenye kosa, na kukuacha umhurumie kabla hujajua alichofanya. Amejenga mazoea ya kuendeleza visa kutoka wimbo mmoja hadi mwingine, kama alivyofanya katika mfululizo wa "Hatia". Vina vyake ni vya silabi nyingi, na haviyumbishi hadithi. Kwenye mizani ya maneno, sioni wengi wa rika lake wanaomfikia. Kasoro yake ni kwamba anakunyima pumzi. Viitikio vinavyokaa kichwani ni vichache, uzito unafuatwa na uzito, na kwenye spika ya kinyozi albamu hii inakufa dakika ya pili. Inataka eafoni na utulivu, kama kitabu kinavyotaka taa. Na ningependa kumwuliza kwa heshima: kazi iliyojaa Kiswahili kitamu namna hii, kwa nini mlangoni pake pawe na lugha ya kigeni?

Darassa alitoka upande mwingine kabisa. "Muziki", wimbo wa mwaka 2016 aliomshirikisha Ben Pol, uliwashika watoto na wazee kwa pamoja, jambo ambalo rap haikuwa imelifanya kwa muda mrefu. Siri yake ni kwamba anachana taratibu, kila neno unalisikia, na anauachia mdundo nafasi ya kusema. Albamu yake inafuata njia hiyo: nyimbo za kuchezeka, waimbaji walioalikwa, viitikio vya kubeba nyumbani. Kwenye mizani ya mdundo inasimama vizuri spikani na masikioni. Inapopungukiwa ni kwenye mpangilio. Jina linaahidi safari ya kutoka utumwani hadi kwenye kiti cha enzi. Nilipoisikiliza kwa mfuatano, sikuiona safari hiyo ikipanda ngazi kwa ngazi. Niliona nyimbo nzuri zilizosimama kila moja mahali pake. Na jina lake, kama la Dizasta, linampita pembeni mama yangu anayezijua nyimbo za Darassa kwa moyo.

Hukumu yangu ni hii. Nikiulizwa nyimbo, nitampa Darassa. Nikiulizwa albamu, nitampa Dizasta, kwa sababu ukiondoa wimbo mmoja katika kazi yake kitu kinapungua, na hicho ndicho kipimo cha albamu. Anayepinga namkaribisha, mradi ataje wimbo.

Kwa nini hatusemi kweli

Sababu ya kwanza ni neno "sapoti". Kijana wa mtaa akitoa kazi, tunaambiwa tumpe sapoti, na sapoti imekuja kumaanisha kusifu. Anayetaja kasoro anaitwa mwenye wivu. Wahenga walishasema mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na nimewaona wagema wengi wa rap wakitia maji mbele ya macho yetu, albamu ya pili nyepesi kuliko ya kwanza, ya tatu nyepesi kuliko ya pili, huku sisi tukipiga makofi. Kumnunulia mtu kazi yake na kumwambia wimbo wa sita umeharibika ni sapoti kubwa kuliko kumwita mfalme bila kuusikia.

Sababu ya pili ni utimu. Tumezoea Simba na Yanga, tukapeleka tabia ileile kwenye muziki. Mtu wa timu anajua jibu kabla ya mechi. Sababu ya tatu ni kujuana: mtangazaji, prodyuza, msanii na mwandishi wanakutana kwenye hafla zilezile, na kesho mmoja atamhitaji mwingine.

Sababu ya nne inatuhusu sisi wakubwa. Tunasema rap ya kweli iliisha na kaseti. Nimezirudia kaseti zile kwa masikio ya leo, na humo mna nyimbo za kujazia upande B, midundo iliyoazimwa na majigambo matupu. Tunazipenda kwa haki, lakini baadhi ya tunachokipenda ni ujana wetu wenyewe. Si haki kumpima kijana wa leo kwa mizani ambayo upande mmoja tumeweka albamu yake na upande wa pili tumeweka miaka yetu 18.

Na kuna dhuluma ambayo wanaume wengi hatuioni. Zay B, rapa wa kike, alichana mwanzoni mwa miaka ya 2000, na baada yake wakaja kina Chemical na Rosa Ree. Kazi zao zinapotajwa vibandani, mazungumzo yanahamia kwenye mavazi na sura kabla ya mstari wa kwanza kuisha. Masikio yanayobadilisha mizani kwa sababu sauti ni ya kike hayana ukweli, hata kama yanasifu.

Safari nzima

Mtu wa Ukonga ana bahati moja asiyoihesabu. Studio nyingi ziko mbali nasi, na kazi zetu nyingi ziko mjini. Ukipanda daladala Gongo la Mboto asubuhi, ukapita Banana, Uwanja wa Ndege, Tazara hadi Kariakoo, foleni inakupa saa nzima, mara nyingine zaidi. Huo ni urefu wa albamu. Mimi hutumia safari hiyo: kwenda nasikiliza mfululizo bila kuruka, kurudi narudia nyimbo tatu zilizonishinda. Wiki mbili baadaye nazisikiliza tena, kuona zipi zimebaki kichwani bila kulazimishwa. Hapo ndipo nathubutu kufungua mdomo.

Jumamosi iliyofuata nilimwomba kinyozi aanzie wimbo wa tano. Tukausikiliza hadi mwisho, kisha wa sita, kisha wa saba. Yule aliyesema rapa kaisha hakubadili msimamo, ila safari hii alitoa sababu mbili: kiitikio cha wimbo wa tano kinafanana na cha wimbo wa pili, na ubeti wa mwisho wa wimbo wa sita unatoka nje ya hadithi. Ya kwanza nilimpinga. Ya pili nilimkubalia. Aliyekuwa akinyolewa akasema turudie ule ubeti, na tukaurudia.

Msomaji, albamu nyingine itatoka mwezi huu au ujao. Ipe safari nzima. Kisha sema unachokiona, utaje wimbo, utaje mstari, utoe sababu. Msanii aliyekesha studio anastahili hivyo, na lugha yetu pia.